Nailoni ya Mohsena

Anjuara alikuwa na jogoo mmoja mwekundu, na kipupwe kile heshima yake yote ilimtegemea jogoo huyo. Msicheke. Binti yake Mollika alikuwa ameolewa miezi minne tu, na Ijumaa angekuja na mumewe, Tohid, kula mikate ya mchele ya msimu wa baridi kwa mara ya kwanza. Kwa watu wa vijiji vya Dinajpur, mkwe wa mwaka wa kwanza halishwi jogoo wa sokoni. Jogoo sharti atoke kwenye banda la mama mkwe mwenyewe, amemlea tangu kifaranga. Kijana akirudi kwao wanamuuliza kabla hajavua viatu: ulichinjiwa wa nyumbani au wa kununua? Akijibu wa kununua, basi mawifi wa Mollika wamepata la kusema mwaka mzima.

Jogoo alikuwapo, kifua mbele, kilemba kimelala upande mmoja kwa uzito, na Anjuara alikuwa akimlisha chenga za mchele kwa kiganja chake tangu mvua zilipokatika. Hapo hapakuwa na neno. Neno lilikuwa ng'ambo ya ua, hatua kumi na tano, kwenye banda la Mohsena.

Mohsena ni mke wa shemeji yake, yule mdogo aliyekwenda Dhaka kushona nguo kiwandani akamwacha mkewe kwa mama yake. Alikuja miaka miwili iliyopita na kuku saba wa kwao ndani ya matenga mawili, watu wakasema bibi harusi gani huyu anaingia na kelele namna hii. Anjuara naye alicheka siku ile. Alicheka mpaka akashika mbavu. Laiti angejua.

Maana kuku wa Mohsena walikuwa wanataga. Kipupwe, jamani! Mwezi wa Poush, wakati jua lenyewe halionekani mpaka saa tano na ukungu unadondoka kwenye mabati kama mvua. Kuku wa Anjuara walikuwa wamenyonyoka, wamekunja shingo, habari ya mayai wamekwisha kuisahau. Wa ng'ambo kila asubuhi wanapiga kelele za kutaga hadi unaziba masikio. Na kila asubuhi Mohsena anavuka ua na yai moja la moto mkononi, anapita mbele ya jiko la Anjuara, polepole, tena anasalimia, "Dada umeamkaje?" na lile yai linakwenda kwa mama.

Mama ni Sobejan, mama mkwe wao wote wawili. Sasa hapa ndipo penye kidonda. Anjuara alipoingia ua ule, miaka ishirini na mbili nyuma, alikuwa binti wa fundi cherehani wa mjini, kuku alimjua akiwa kwenye mchuzi. Sobejan ndiye aliyemfundisha. Magunia ya juti yatundikwe upande wa kaskazini, ndiko upepo mbaya unakotoka. Chini nyasi kavu za mpunga, zikilowa zitolewe siku hiyohiyo. Shimo la majivu waoge wadudu watoke. Maji ya uvuguvugu asubuhi, nafaka jioni walale wameshiba. Na juu, chini ya bati, paachwe wazi upana wa kiganja, hata kama baridi inakata masikio. "Kuku anapumua maji," Sobejan alikuwa akisema, "ukimfungia, maji hayohayo yanamrudia." Anjuara alifanya hivyo vipupwe ishirini na viwili, na kila kipupwe alikuwa akisubiri mama mkwe wake aseme neno moja tu la kumsifu. Mama hakulisema. Si kwamba ni mkali, la, ni mtu ambaye akiona kazi imefanywa vizuri anakaa kimya.

Halafu anakuja huyu, miaka miwili tu, anampelekea yai, na mama analivunja, anakunywa ute wake na chumvi, anajifuta mdomo na kusema kwa sauti ambayo ua mzima unasikia: "Mohsena ana mkono wa kuku."

Ana mkono! Anjuara alikuwa akisonga unga, akauacha. Na yeye ana nini, mguu? Aliangalia mikono yake mwenyewe, ile iliyokwaruzwa na makucha ya kuku miaka yote ile, akaona inamtia hasira hata kuitazama. Tangu siku hiyo kila kitu cha Mohsena kilimkera. Anavyocheka, anavyofunga sari, anavyowaita kuku wake kwa ulimi. Hata simu ya mumewe kutoka Dhaka, inayolia Alhamisi bila kukosa, ilimkera, na mume wa Anjuara yumo humohumo ndani kila siku, anakoroma.

Ila jogoo wa Mohsena, yule wa madoadoa, alikuwa mdogo kuliko mwekundu. Hilo moja Mungu alimwachia. Kila akimtazama yule mwekundu, Anjuara alipumua.

Jumamosi baridi kali ikaingia. Si ile ya kawaida, ni ile ambayo mzee anakufa kijiji cha pili na wewe unashukuru kwamba si cha kwenu. Ng'ombe wakavikwa magunia, watu wakaota moto wa makapi ya mpunga toka alfajiri. Mama Sobejan kifua kilimbana, akalazwa chini ya mablanketi mawili na mto wa miguu, asitoke nje. Na Jumapili kaka yake Mohsena, anayefanya kazi kwenye bustani ya miche mjini, akamletea dada yake nailoni.

Ilikuwa nailoni ya maana, nyeupe, nzito, inapitisha mwanga. Mohsena akalivika banda lake lote, kuanzia bati mpaka ardhini, akakandamiza pembe kwa matofali. Asubuhi ukungu ulipokatika ikawa inang'aa uani. Watu wakaja kuangalia, nawaambia ukweli, wanawake wazima wakavuka mashamba mawili kuja kuangalia banda la kuku.

"Kuku wake wanalala hotelini," akasema jirani mmoja kisimani, akipampu maji. Kisha akamgeukia Anjuara. "Na wewe Mama Mollika, bado uko na magunia yako?"

"Magunia yana ubaya gani?"

"Hayana ubaya. Nauliza tu."

"Usiniulize tu. Chota maji uende, chai ya mumeo inapoa."

Wakacheka. Anjuara akabeba ndoo, maji yakimmwagikia miguuni, na njia nzima akajibizana na yule jirani kichwani mwake kwa maneno makali ambayo hakuyapata kule kisimani. Alipofika nyumbani mumewe, Khademul, alikuwa ameinamia moto.

"Nataka nailoni," akamwambia.

"Ya nini?"

"Ya banda."

"Si una magunia?"

"Magunia! Mke wa mdogo wako ana nailoni, mimi niwe na magunia? Mkwe anakuja Ijumaa aone magunia?"

Khademul akakuna shingo. "Kwani mnashindana?"

"Nani anashindana? Nani kakuambia nashindana? Jogoo akifa kwa baridi utachinjwa wewe?"

Jumanne akaleta nailoni ya bluu, ile nene ya kufunikia saruji. Anjuara akashusha magunia yake yote. Akalizungusha banda mara mbili, pale ambapo Mohsena alizungusha mara moja. Akafunga kwa kamba. Alipofika juu, kwenye ule upana wa kiganja, mkono ulisita kidogo, kwa sababu mkono ulikuwa unajua. Akatazama ng'ambo. Nailoni ya Mohsena ilikuwa imefika hadi kwenye bati, haikuacha hata pa kupitisha uzi, na kuku wake wanataga. Basi akapaziba.

Hata hapo hakuridhika. Mtu akishaingiwa na kitu hicho haridhiki. Akaona bado wako sawa tu yeye na Mohsena, nailoni kwa nailoni, na yeye alitaka kuzidi. Akachukua chungu cha moto, kile wanachowekea makaa ya makapi wakakipakata chini ya shali wakati wa baridi, akakijaza hadi juu, akakisukuma ndani ya banda pembeni. Makapi yanaungua polepole, hayatoi mwali, yanakwenda mpaka asubuhi. Kuku wakajisogeza kwenye joto. Jogoo mwekundu akapanda kwenye kijiti chake, akajikung'uta, akafumba macho. Anjuara akafunga mlango, akachomeka nailoni vizuri. Huyo wa ng'ambo ana moto? Hana.

Hapo angeweza kuingia ndani akapika, na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini magharibi ile, akiwa bado amesimama pale na majivu mikononi, alisikia kicheko. Mohsena alikuwa chumbani kwa mama, anamkanda nyayo kwa mafuta ya haradali na vitunguu saumu, na mama alikuwa anacheka. Sobejan, kifua kimembana, anacheka mpaka anakohoa, na katikati ya kikohozi anasema, "Ebu rudia, rudia hapo!"

Miaka ishirini na mbili Anjuara hakuwahi kumchekesha.

Alivuka ua. Alivuka kama mtu anayekwenda kuanua nguo, wala hakunyata. Akaondoa matofali mawili upande wa kaskazini, akafungua kamba ya juu, akaikunja nailoni yote nyuma juu ya bati. Upepo ukaingia, kuku wa Mohsena wakanung'unika. Wapigwe na baridi kidogo, alijiambia. Kidogo tu, waache kutaga siku mbili tatu. Huo ulikuwa uongo na yeye alijua ni uongo. Alichotaka ni kuamka akute yule wa madoadoa amekauka chini, na uani kubaki jogoo mmoja. Alitaka mayai yakome. Alitaka Mohsena avuke ua mikono mitupu, asalimie akilia. Akarudi kwake, akanawa, akasonga unga wa mikate, na usiku ule, Mungu amsamehe, alilala vizuri.

Asubuhi jogoo mwekundu hakuwika.

Anjuara alijiambia ni joto, amestarehe. Akachomoa nailoni, akafungua mlango, na hewa iliyompiga usoni ilikuwa nzito, ya moto, inawasha macho. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye kuta za udongo. Kuku wawili waliokuwa wamebandika midomo kwenye ufa wa mlango wakamwangukia miguuni, wakaanza kutweta. Waliobaki hawakutweta. Watano walikuwa wamelala kwenye nyasi zilizolowa, na jogoo alikuwa ameanguka chini ya kijiti chake, bawa moja limefunguka, kile kilemba chake kizuri kimekuwa cheusi.

Alipiga ukelele mmoja tu. Watu wakaja. Khademul akaja na mswaki mdomoni, majirani wakaja wamejifunika mablanketi, na Mohsena akaja mbio, akaona, akashika mdomo. Kisha Mohsena akageuka akakimbilia banda lake mwenyewe, na Anjuara, katikati ya maiti zake, akainua kichwa kutazama. Hata pale! Hata pale, na jogoo wake mkononi, alitaka kuona kama na wa mwenzake wamekufa.

Hawakufa. Walitoka mmoja mmoja wakirusha miguu, wakaenda moja kwa moja kwenye majivu. Yule wa madoadoa akasimama kwenye tofali, akawika kwa pumzi yake yote.

Mohsena alisimama mbele ya nailoni iliyokunjwa. Akaigusa. Akatazama yale matofali mawili yaliyowekwa pembeni, kisha akamgeukia Anjuara, na macho yao yakakutana mbele ya watu wote wale. Anjuara akajua kwamba mwisho wake umefika.

"Dada," Mohsena akasema, na sauti ikapanda. "Ni wewe uliyefungua!"

Akawageukia majirani.

"Jamani, sikilizeni. Kuku wangu siku mbili walikuwa wanakoroma. Wanapiga chafya, ukuta unatiririka maji, mimi naogopa kusema, nimewavika nailoni halafu niseme inawaua? Nikawapa vitunguu saumu nikanyamaza. Dada kasikia. Kaja kimya kimya kawafungulia. Kawaokoa wangu wote, na wake amewasahau!"

"Mungu mkubwa," akasema yule jirani wa kisimani. "Loo, Mama Mollika! Na mimi nilivyokutania."

Hapo mlango wa mama ukafunguka. Sobejan alitoka na fimbo yake na blanketi begani, hakuna aliyeweza kumzuia. Alitazama chungu cha makapi, akatazama nailoni ya bluu iliyozungushwa mara mbili, akakohoa. "Moto ndani ya banda, na juu umeziba. Mama Mollika, wewe? Wewe wa kukufundisha nani tena?" Kisha akaelezwa habari ya nailoni nyeupe, nani kaifungua. Akaweka mkono wake mkavu juu ya kichwa cha Anjuara, mbele ya majirani wote, na kusema, "Kumbe una moyo."

Vipupwe ishirini na viwili alilisubiri neno. Likaja siku ile, kwa kosa lile. Anjuara akaangua kilio na kila mtu akadhani ni cha jogoo.

Kuku wale walikuwa wamekufa bila kisu, vibudu, hawaliki. Khademul akawafukia nyuma ya mianzi, jogoo juu ya wenzake. Ilikuwa Jumatano. Anjuara alikaa kizingitini akihesabu siku mbili zilizobaki, na akamwona Mohsena anavuka ua, polepole, kama kawaida yake. Safari hii hakubeba yai. Alikuwa amempakata yule wa madoadoa, miguu imefungwa kwa uzi.

"Mchukue, dada. Tohid anakuja."

"Sitaki."

"Hutaki nini? Utamlisha mkwe dengu?"

"Atajulikana si wangu."

"Atajulikanaje? Ana jina kaandikwa? Alale kwenye banda lako siku mbili, ale chenga zako, atakuwa wako. Mimi sisemi, kaka Khademul hasemi, mama hasemi. Mtu aliyeniokolea kuku wote nimnyime jogoo?"

Anjuara akampokea. Angefanyaje? Aibu ilikuwa upande huu na Mollika upande ule, na Mollika ndiye mwanawe. Mohsena alipogeuka kuondoka, roho ya Anjuara ikauma kwa namna mpya, mbaya kuliko ya mayai. Hata wema, jamani! Hata huo Mohsena kamzidi.

Siku mbili zile zilikuwa ndefu. Kila aliyefika uani alisimuliwa. Mohsena hakuchoka. Mwuza samaki aliambiwa. Mwanamke wa chanjo ya mdondo wa kuku, aliyekuja na kisanduku chake cha barafu, aliambiwa, akamwangalia Anjuara kwa heshima, akamwomba azungumze na wenzake siku ya mkutano. Kila mara hadithi inanenepa. Mara dada hakula usiku ule kwa kuwawaza kuku wangu. Mara dada alitetemeka kwa baridi pale nje. Na Anjuara anakaa anatabasamu, meno yamekaza, anamkanda mama nyayo, maana sasa mama alitaka mikono yake, na hakuna hata kicheko kimoja kilichokuja. Sifa zile aliziona kama chakula cha matanga, unakula huku unajua ni cha nini.

Ijumaa baada ya sala Tohid akafika na Mollika nyuma yake kwenye pikipiki, mashavu yamekuwa mekundu kwa upepo, na mtungi wa maziwa mgando mkononi. Kijana mzuri, mpole, anainama kugusa miguu ya kila mtu hadi ya jirani. Khademul alichinja. Anjuara alinyonyoa, akakata, akakaanga vitunguu mpaka vikawa kahawia, akatia tangawizi, jira, pilipili, akafunika. Jikoni walikuwa wawili tu, yeye na Mohsena anayechoma chapati za unga wa mchele, moja juu ya moja, nyeupe, laini. Upande wa pili wa ukuta wa mianzi wanaume walikuwa wameketi mkekani, na Mollika anakwenda na kurudi na sahani.

Kisha sauti ya Tohid ikaja, imejaa chakula. "Mama, jogoo huyu! Huyu ni wa hapa nyumbani?"

Anjuara alifungua mdomo. Akaufunga, akakoroga mchuzi.

"Wa nyumbani, baba!" Mohsena akaitikia kwa sauti ya juu, bila kuacha chapati yake. "Wa mkono wa mama mkwe wako mwenyewe. Kamlea kwa chenga!"

"Nilijua tu," Tohid akasema. Mollika akacheka kule ndani, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, na mama yake akakisikia.

Hapo ndipo Anjuara aliposhindwa. Akaweka upawa chini. Akasema kwa sauti ya chini, haraka, kabla hajajizuia: "Mohsena, mimi sikukuokolea kitu. Nilifungua nailoni ili wafe. Huyu jogoo, nilitaka huyuhuyu afe."

Mohsena aligeuza chapati. Akaibonyeza pembeni ivimbe.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilikuona. Nilikuwa nimekuja humu kuongeza mafuta ya mama. Nilisimama hapo mlangoni nikakuangalia unatoa matofali, moja, la pili."

"Na hukusema?"

"Ulipoingia ndani nilikwenda nifunge. Nikaingiza kichwa, harufu ya mavi ya kuku ikanipiga puani hadi machozi. Halafu nikawaona wanausogelea upepo, wanatanua midomo. Nikaacha." Akatoa chapati motoni. "Chungu chako sikukijua, wallahi. Ningekijua ningekuambia." Akafikiri kidogo. "Siku ile labda ningechelewa chelewa."

Anjuara alikuwa ameshika ukingo wa sufuria na haoni kwamba unamuunguza. "Basi kwa nini ulinishukuru? Mbele ya mama, mbele ya kijiji kizima, siku mbili hukunyamaza. Hata mwuza samaki!"

Mohsena kwa mara ya kwanza akainua macho kumtazama. Macho makavu, tena yanacheka.

"Kwani nilikuwa nakushukuru?"

Kuni zikapasuka. Upande wa pili mtu akaomba mchuzi. Anjuara alihisi uso wake unapata moto kuanzia shingoni, akakumbuka kila tabasamu alilolitoa siku mbili zile, na jinsi kila moja lilivyomchoma, na kumbe kila moja lilipangwa. Sindano kwa sindano. Na yeye akidhani ni wema, akiuonea wivu!

"Shetani wewe," akasema.

"Nimefundishwa uani humu." Mohsena akaanza kusukuma chapati nyingine. "Jogoo nimempa Mollika. Usijidanganye. Yeye hakunifungulia banda."

Hapana, hawakukumbatiana. Anjuara alijikuta anataka kucheka, na alichukia kwamba anataka kucheka, akaziba mdomo kwa pindo la sari mpaka macho yakalowa. Alichukua bakuli, akapeleka mchuzi kwa mkwe wake, akaulizia hali ya mama yake Tohid, akarudi. Sasa wanaume walikuwa wamemaliza na zamu ya wanawake imefika. Ndani ya sufuria palibaki shingo, mgongo, firigisi, vipande vya mbavu, na paja moja zima ambalo Khademul alikuwa amelirudisha asionekane mlafi mbele ya mgeni.

Anjuara alilitazama lile paja. Lilikuwa limeiva vizuri, mafuta yanang'aa, na yeye tangu alfajiri hakuwa ameonja kitu. Akalichota kwa upawa, akalitia kwenye sahani ya Mohsena, na roho ikamuuma vilevile.